Beseni la sambaza na neno "sorry"

Mmetuuliza wiki hii: kama ungekuwa na uwezo wa kutoa neno moja la Kiingereza katika Kiswahili chetu, ungetoa lipi? Sikuhitaji kufikiri. "Sorry."

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, limekuwa la kila kitu. Motari, dereva wa pikipiki, anakukanyaga mguu pale Feu Rouge: sori. Fundi amekupotezea kitambaa: sori. Umefiwa na baba yako: sori. Sisi tulikuwa na maneno yetu, na kila moja lilijua kazi yake. Pole anapewa mwenye kuumia, na anayeitoa si lazima awe na kosa. Unampa mgonjwa, aliyejikwaa, mfiwa, hata mama usiyemjua anayepandisha mzigo wake Kadutu: pole na kazi. Lakini "munisamehe" ni ya mkosaji. Ukiisema msibani, watu watageuka kukutazama, maana ni kama umesema aliyeua ni wewe.

Nina sababu ya kulichukia neno hili, na ni ya zamani.

Mama yangu aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, kando ya barabara, Nyawera. Mwaka 2009 nilikuwa na miaka 17. Siku moja nimetoka shule, nimesimama naye nikisubiri faranga za daftari, mvua imetoka kunyesha. Gari jeupe la shirika fulani likarudi nyuma bila honi. Likagonga beseni, halafu goti la mama. Sambaza zote zikamwagika mpaka kwenye mfereji, na sambaza iliyogusa yale matope hakuna anayeinunua, hata uioshe mara saba. Zile alikuwa amezichukua kwa mkopo asubuhi.

Akashuka mwanamke mzungu, kijana, ndiye aliyekuwa akiendesha. Mikono inamtetemeka. Akapiga magoti palepale kwenye matope, akaanza kuokota samaki mmoja mmoja na kuwarudisha kwenye beseni, huku anarudia, "Sorry, I'm so sorry, sorry." Watu wakajaa. Mimi wakanisukuma mbele: wewe unasoma, tuambie.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anasema pole, mama."

Mama akanyamaza, ameshika goti. Kisha akasema, bila kupaza sauti, "Pole ni ya mwenye kupita njia. Huyu njo mwenye kunigonga."

Watu wakaanza kunguruma. Mmoja akasema wamnyang'anye funguo. Yule mwanamke aliinua macho, akatuangalia mmoja mmoja, hajui kimebadilika nini. Mimi nilijua. Lilikuwa neno langu. Nikasema haraka, "Hapana, mama, nimekosea mimi. Anasema munisamehe. Anasema kosa ni lake."

Hakuwa amesema kosa ni lake. Kiingereza changu cha shule kilitosha kujua hilo.

Mama akamwangalia pale chini, samaki bado mkononi. "Mwambie aamuke," akasema, "nguo zinachafuka." Akapokea dola 20 bila kuzihesabu, na watu wakatawanyika. Beseni lilibaki na bonde upande mmoja, tunalo mpaka leo.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilidanganya watu wote pale Nyawera ili kuokoa gari la mtu. Sasa nafundisha Kiingereza jioni, na nimelazimika kulichunguza neno lenyewe. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "sārig", kutokana na "sār", yaani maumivu, kidonda. Ni ndugu wa "sore". Mwanzoni aliyelisema hakukiri kosa lolote, alisema kwamba anaumia. Kosa lilikuja kuhamia humo baadaye, na maumivu hayakuhama. Wenyewe wanajua hivyo. Mwaka uleule wa 2009, jimbo la Ontario nchini Kanada lilitunga sheria kwamba kumwambia mtu "I'm sorry" hakuwezi kutumiwa katika kesi za madai kama ushahidi wa kukiri kosa. Sheria hiyo inasema maneno ya namna hiyo yanaweza kuonyesha toba au kushiriki huzuni ya mwingine. Samahani au pole, katika sentensi moja!

Hapo ndipo ninapokasirika tena. Neno lenye milango miwili linamfaa sana mtu anayetaka kutoka bila kulipa. Juni 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alisema Kinshasa kwamba ana majuto makubwa kwa yaliyotendeka wakati wa ukoloni, na safari hiyohiyo akafika mpaka kwetu Bukavu, hospitali ya Panzi. Majuto, si msamaha. Desemba ya mwaka huo tume ya bunge lao kuhusu ukoloni huo ikavunjika bila kukubaliana, kwa sababu ya neno hilohilo: kuomba msamaha au kutoomba. Nilimsikia mama yangu kabisa. Pole ni ya mwenye kupita njia.

Lakini yule mwanamke wa Nyawera hakuwa bungeni. Alikuwa matopeni, na nadhani alisema yote mawili kwa pumzi moja, kwa sababu lugha yake inamruhusu. Mimi ndiye niliyelazimika kuchagua. Kwa hiyo, ingawa nilianza barua hii nikitaka neno hili litoke, sasa nasema libaki. Kwa masharti: msibani tuseme pole, na motari aliyekukanyaga aseme kwa Kiswahili kwamba amekosa. Walimu wenzangu wanaweza kunipinga kuhusu hilo la msibani, maana Waingereza nao husema "sorry" kwa mfiwa. Sawa, lakini wao hawana pole.

Juzi jikoni mama alimkanyaga mjukuu wake kidole. "Pole, kadogo," akasema. Akasimama kidogo, kisha akaongeza: "Ni mimi njo nimekosa."