Je, Ufaransa ina idara 101?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninafundisha sekondari hapa Morogoro na ninaandaa chemsha bongo ya maarifa ya jumla kwa wanafunzi. Katika karatasi za zamani nimekuta swali, “Ufaransa ina idara ngapi?”, na jibu ni 101. Swali jingine linataja “majimbo ya Normandie na Bretagne”, na la tatu linasema jiji la Paris lina “wilaya 20”. Mwenzangu kutoka Kenya anashauri tuandike kaunti. Tushike lipi?

JIBU: Marahaba mwalimu. Hesabu ya karatasi hiyo ni sahihi, ila neno limepotoka. Idara ni kitengo cha kazi: idara ya uhamiaji, idara ya fedha, idara ya historia chuoni. Mtu huajiriwa katika idara, hazaliwi humo wala halimi mizabibu humo. Wafaransa wana neno moja, *département*, wanalolitumia kwa kitengo cha ofisi na kwa eneo la ardhi lenye mipaka, mito na wakazi. Aliyetafsiri aliikuta maana ya ofisini kwanza akatosheka nayo. Mwanafunzi akisoma “idara 101” ataelewa kwamba serikali ya Paris ina ofisi 101, na hapo chemsha bongo imemfundisha uongo.

Katika maneno ya utawala mimi huanza kwa kuuliza eneo hilo linaongozwa na nani, na kiongozi huyo amewekwa na nani. Ukianzia kwenye ukubwa wa eneo utapotea upesi, kwa sababu wilaya moja ya Tanzania inaweza kuwa kubwa kuliko maeneo kadhaa ya Ufaransa yakiunganishwa.

Sasa tazama hiyo *département*. Mkuu wake huitwa *préfet*. Anateuliwa na Rais wa Jamhuri katika Baraza la Mawaziri, na kazi yake ni kuiwakilisha serikali kuu pale alipo: usalama, vibali, usimamizi wa sheria. Cheo hicho kiliundwa mwaka 1800, Napoleon Bonaparte alipokuwa ameshika madaraka. Kando yake lipo baraza la kuchaguliwa linaloshughulikia barabara, huduma za ustawi wa jamii na majengo ya shule za sekondari za ngazi ya chini. Mtanzania akisoma hayo anamwona mkuu wa wilaya aliyeteuliwa na Rais, na halmashauri yenye madiwani waliopigiwa kura. Ndiyo maana nasema *département* ni wilaya. Andika: “Ufaransa ina wilaya 101, 96 ziko Ulaya na 5 ziko ng’ambo.”

Mwenzako wa Kenya ana hoja, lakini kaunti haifai hapa. Kaunti 47 za Kenya zimetokana na Katiba ya 2010, na kiongozi wake ni gavana anayechaguliwa na wananchi. *Préfet* hachaguliwi na mwananchi yeyote. Kama angetaka neno la Kikenya, lile la zamani, wilaya, enzi za wakuu wa wilaya walioteuliwa na serikali kuu, lingekaa vizuri zaidi.

Kuhusu Normandie na Bretagne, leo hii ni mikoa. Jimbo tumelizoea kwa nchi za shirikisho: jimbo la Texas, jimbo la Bavaria, mahali penye katiba yake na bunge lake linalotunga sheria. Ufaransa si shirikisho. Katiba yake ya 1958 inaitaja kuwa jamhuri isiyogawanyika, na mikoa yake haina bunge la kutunga sheria. Ukiandika “jimbo la Bretagne” unaipa Bretagne mamlaka ambayo haijawahi kupewa na Jamhuri.

Hata hivyo usilifute neno jimbo kabisa, maana zipo sehemu mbili linakopaswa kubaki. Ya kwanza ni kanisani: jimbo kuu la Lyon ni sawasawa kabisa, kama tunavyosema jimbo la Moshi. Ya pili ni historia ya kabla ya Mapinduzi ya 1789. Wakati huo Normandie, Bretagne, Bourgogne na Provence zilikuwa sehemu za ufalme zenye desturi, kodi na sheria zilizotofautiana, nyingine zikiwa na mabaraza yao. Hayo ndiyo majimbo ya kale. Mwandishi anayetenganisha “jimbo la kale la Normandie” na “mkoa wa Normandie” anamsaidia msomaji kujua yuko karne gani bila hata kutaja mwaka.

Majimbo hayo yalivunjwa kwa makusudi. Mwaka 1790 Bunge la Katiba liliigawa nchi katika wilaya 83, kwa nia ya kumwezesha mkazi kufika makao makuu ya wilaya yake kwa safari ya siku moja ya farasi. Majina ya zamani hayakutakiwa, kwa kuwa yalibeba utii wa zamani. Wakaigeukia ardhi yenyewe: mito ya Marne, Yonne na Loire, milima ya Jura na Vosges, na kule magharibi kabisa Finistère, jina linalotokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya mwisho wa nchi kavu.

Hapa kuna mtego kwa mwandishi wa Kiswahili. Loire ni mto mrefu kuliko yote ya Ufaransa, na Loire pia ni wilaya ambayo makao yake makuu ni Saint-Étienne. Mfaransa huzitofautisha kwa muktadha, lakini msomaji wetu hana muktadha huo. Kwa hiyo usiliache jina peke yake: andika mto Loire au wilaya ya Loire, mto Rhône au wilaya ya Rhône, milima ya Jura au wilaya ya Jura. Lugha yetu inatuwezesha kufanya hivyo kwa neno moja tu, na sioni sababu ya kumnyima msomaji neno hilo.

Mtego mwingine ni *Haut* (juu) na *Bas* (chini). Nimeona watu wakitafsiri Haut-Rhin kuwa “Rhin Kaskazini”, kwa kuwa juu ya ramani ni kaskazini. Ni kinyume chake. Mto Rhin hapo unatiririka kuelekea kaskazini, kwa hiyo Haut-Rhin, iliyo karibu zaidi na chanzo cha mto, iko kusini, na Bas-Rhin yenye jiji la Strasbourg iko kaskazini. Majina haya yaache kama yalivyo. Wenyewe Wafaransa yamewasumbua, maana wakazi wengi hawakupenda kuitwa watu wa “chini”. Seine-Inférieure ikawa Seine-Maritime mwaka 1955, Loire-Inférieure ikawa Loire-Atlantique mwaka 1957, na Basses-Alpes ikapata jina la Alpes-de-Haute-Provence mwaka 1970.

Mikoa ni ya juzi ukilinganisha na wilaya. Wakazi walianza kuwachagua wajumbe wa mabaraza ya mikoa mwaka 1986 tu. Na hapa kagua tarehe ya karatasi zako, kwa sababu tangu tarehe 1 Januari 2016 mikoa 22 ya Ufaransa ya Ulaya iliunganishwa ikawa 13. Ukiongeza 5 ya ng’ambo unapata 18. Alsace, Lorraine na Champagne-Ardenne sasa ni mkoa mmoja, Grand Est, na Normandie mbili zilizokuwa zimetengana zimerudi kuwa moja.

Twende Paris. “Wilaya 20 za Paris” haiwezekani tena tukishakubaliana kwamba *département* ni wilaya, kwa kuwa Paris yenyewe ni wilaya moja, namba 75. Vile vipande 20, ambavyo vimezunguka kutoka katikati ya jiji mithili ya gamba la konokono tangu 1860, huitwa *arrondissement*. Napendekeza tarafa. Nje ya majiji makubwa *arrondissement* ni sehemu ya wilaya inayosimamiwa na naibu wa *préfet*, haina baraza la kuchaguliwa, na hivyo inafanana sana na tarafa yetu yenye afisa tarafa. Kwa Paris, Lyon na Marseille ulinganifu unapungua, kwa sababu huko tarafa zina mabaraza na mameya tangu uchaguzi wa 1983. Lakini Wafaransa wenyewe wanatumia neno moja kwa zote mbili, nasi tukiwa na moja hatutakuwa tumepoteza kitu. Sema tarafa ya 18 ya Paris.

Namba za wilaya zinafaa sana kwa chemsha bongo, maana Mfaransa anaishi nazo kila siku. Zilipangwa kwa kufuata alfabeti, 01 ni Ain, 13 ni Bouches-du-Rhône yenye jiji la Marseille. Tarakimu mbili za kwanza za msimbo wa posta ni za wilaya, kwa hiyo barua ya 75018 inakwenda wilaya ya 75, tarafa ya 18. Vijana wa Seine-Saint-Denis, kaskazini mwa Paris, huiita kwao “tisa-tatu”, tarakimu moja moja. Namba hiyo ya 93 ina historia nzito: awali ilikuwa ya Constantine, mojawapo ya wilaya ambazo Ufaransa ilizifanya huko Algeria mwaka 1848. Algeria ilipopata uhuru mwaka 1962, namba zake zilibaki wazi, zikapewa wilaya mpya zilizoundwa kuzunguka Paris.

Hukuuliza kuhusu *commune*, ngazi ya chini kabisa ya utawala wa Ufaransa, lakini utakutana nayo. Ziko karibu 35,000, kila moja na meya wake, iwe jiji la Marseille au kijiji chenye nyumba chache mlimani. Kwa hiyo manispaa ni kubwa mno na kijiji ni kidogo mno. Taarifa za Kiswahili kuhusu Burundi huandika tarafa, lakini sisi tarafa tumeshaipa kazi nyingine. Ndugu zetu wa Bukavu na Lubumbashi, ambao miji yao imegawanywa hivyo, hulitumia neno la Kifaransa lenyewe, nami nawafuata: komuni.

Namalizia na wilaya ya 101, kwa sababu inatuhusu kuliko nyingine zote. Ni Mayotte, kisiwa cha Komoro ambacho wenyewe hukiita Maore. Visiwa vitatu vingine vilijitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975. Mayotte ilibaki chini ya Ufaransa, na tarehe 31 Machi 2011 ikawa wilaya kamili. Lugha ya wengi huko, Shimaore, ni ndugu wa damu wa Kiswahili, na Mswahili akiisikiliza kwa utulivu ataokota maneno mengi anayoyajua. Neno ng’ambo nililolitumia hapo juu ni la mtu aliyesimama Paris. Kwa mtu wa Mtwara, Mayotte iko baharini upande wake mwenyewe, na Ufaransa ya Ulaya ndiyo iliyo ng’ambo. Ukiwatungia wanafunzi swali juu yake, andika “Mayotte, wilaya ya Ufaransa katika visiwa vya Komoro”, nao wataiona ramani mara moja.