Nani hukatizwa kikaoni?
Dada, umeuliza kama nadharia ya ufeministi inafaa kuchunguza mazungumzo ya vikao vya LC1, yaani baraza la kijiji, hapa Uganda. Inafaa sana, ila usiishie kwa mwanaisimu Robin Lakoff, ambaye mwaka 1975 alieleza usemi wa wanawake wa Marekani kuwa wa kusitasita, kwani mwaka 1980 O'Barr na Atkins, waliochunguza mashahidi mahakamani, walionyesha kwamba kusitasita huko kulitokana zaidi na uhaba wa mamlaka kuliko jinsia. Rekodi kikao kizima kwa idhini ya wanakijiji, kisha uandike nani anakatizwa, na hoja ya mwanamke inapokelewa lini: akiisema mwenyewe, au ikirudiwa na mwanamume? Katika vijiji vya Buganda, tazama pia anayezungumza akiwa amepiga magoti. Hilo lipe uzito, maana wengi huliita heshima na kulipita.