Kabla Hujapaka Midomo, Soma Kibandiko

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji wa Lira, binti aliye mwaka wa mwisho katika chuo cha ualimu. Aliandika: "Shikamoo Mwalimu. Midomo yangu imepasuka tangu upepo wa kiangazi uanze, nami mwezi ujao ninaingia darasani kwa mazoezi ya kufundisha. Ninunue mafuta gani ya midomo?" Nilimjibu kwa mistari miwili, kisha nikaona kwamba haitoshi, kwa sababu swali lake lilikuwa langu miaka sita iliyopita, na jibu nililipata kwa uchungu.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimepangiwa shule Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Kiangazi cha kule huanza Desemba, na ifikapo Januari vumbi limeingia hadi ndani ya sanduku la chaki. Nilikuwa nimetoka Kampala na kijiti cha mafuta ya midomo kilichoandikwa kwa herufi za kijani kwamba ni cha asili, kikiwa na picha ya jani la mnanaa. Kila nilipokipaka, midomo ilisisimka kwa ubaridi, nami nikaamini kwamba ubaridi huo ndio tiba yenyewe. Baada ya nusu saa ukavu ulirudi, nikapaka tena, na katikati nikawa ninalamba midomo. Wiki ya tatu pembe za mdomo zilichanika, mdomo wa chini ukabanduka magamba na kugeuka mwekundu.

Asubuhi moja, katika chumba cha walimu, mwalimu mmoja mkubwa wangu alinitazama, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote kwamba anayekunywa waragi usiku angalau ajifiche mchana. Wenzangu walicheka. Mimi nimelelewa katika nyumba ambayo pombe haijapata kuvuka kizingiti chake, na sijawahi kuionja. Sikujibu neno. Nilikwenda darasani nikafundisha ngeli ya KI-VI huku leso iko mdomoni, na wanafunzi wa mstari wa mbele wakainamisha macho kwa kunionea haya. Maneno yale yangali yananiuma.

Daktari wa ngozi niliyemwendea hakuniandikia dawa. Aliniomba kile kijiti, akakigeuza, akanionyesha maandishi madogo yaliyo nyuma: mentholi, kafuri, manukato. Alinieleza kwamba ngozi ya midomo ni nyembamba mno na haina tezi za jasho wala za mafuta kama ngozi ya shavu, kwa hiyo haijilindi yenyewe. Mentholi huifanya neva ihisi baridi tu, haiongezi unyevu wowote, na juu ya ngozi iliyochanika inawasha. Mate nayo yakikauka huacha mdomo mkavu kuliko ulivyokuwa. Alinitaka niache vyote, nipake vaselini tupu kwa wiki mbili. Vaselini haitokani na mmea, lakini huziba maji yasitoroke, na nisingependa mtu aidharau, hasa asiye na fedha za zaidi ya hiyo.

Midomo ilipopona ndipo nilipotafuta kilicho bora, na nilikipata sokoni, palepale Kitgum, kwa mama aliyekuwa akiuza moo yaa, yaani mafuta ya mbegu za mti wa shea, katika chupa za maji zilizokwisha kutumika. Alinidondoshea tone moja juu ya kifundo cha mkono: lilikuwa la rangi ya manjano hafifu, likinukia njugu zilizokaangwa na moshi kidogo, na liliingia ngozini kabla sijamaliza kumlipa. Shea ya kwetu kaskazini ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi, na wakati wa joto huwa majimaji kabisa, ndiyo maana hainyimi mdomo mafuta hata katika tabaka jembamba. Ikinuka uchachu, imeharibika, usiinunue.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, geuza kikopo na usome nyuma. Viambato huorodheshwa kuanzia kile kilicho kingi zaidi. Butyrospermum Parkii ni shea, Cera Alba ni nta ya nyuki, Cocos Nucifera ni nazi, Ricinus Communis ni nyonyo. Majina haya yakiwa juu ya orodha, umepata. Yakiwa chini ya manukato, shea hiyo imewekwa kwa ajili ya picha tu. Wala neno asili lisikutulize, kwa maana mnanaa, mdalasini na ndimu ni vya asili pia na huwasha midomo, tena mafuta ya maganda ya ndimu yakipigwa na jua yanaweza kuiunguza ngozi. Nta nayo huwaletea wengine mzio, basi ijaribu kwanza ndani ya kiwiko kwa siku mbili. Anayeshinda juani achague yenye kinga ya jua, SPF 30 au zaidi, kwa sababu shea peke yake haitoshi.

Mama yule mlipeni bei yake bila kumbana. Mti wa yaa huchukua miaka ipatayo kumi na mitano hadi ishirini kabla ya kuzaa, na mingi imekatwa ikawa makaa, hata Rais Museveni akatoa amri mwezi Mei 2023 ya kuzuia biashara ya makaa katika kaskazini. Mti unaomlisha mwenyewe haukatwi upesi.

Nawe binti wa Lira, anza leo. Yeyusha kijiko kimoja cha nta ndani ya bakuli lililokalishwa juu ya maji ya moto, tia vijiko vitatu vya moo yaa, koroga, mimina katika kikopo kisafi. Asali usiitie, haichanganyiki na mafuta, itatuama chini. Paka kabla ya kulala na kabla ya kutoka nje, na pembe za mdomo zisipopona kwa wiki mbili, nenda kituo cha afya, kwa kuwa huenda ni fangasi. Siku ya somo lako la kwanza, kikopo kiweke ndani ya sanduku la chaki.