Lori linakunywa dizeli, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Scania 113 ya 1992, inavuta tela Dar hadi Tunduma. Zamani ikiwa na mzigo ilikwenda kilomita 2 kwa lita, sasa haifiki 1.6. Ikipanda Kitonga inatoa moshi mweusi tii. Nimeambiwa ninunue nozeli mpya zote. – Msomaji, Makambako

JIBU: Marahaba. Hela ya nozeli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini, usiitoe kwanza. Moshi mweusi maana yake dizeli imezidi hewa, na kwenye magari ya umri huo mara nyingi hewa ndiyo iliyopungua. Anza kwa kukagua eya klina, kichujio cha hewa. Kisha fuata mabomba kutoka kwenye turbo, inayosukuma hewa, hadi intakula, inayoipoza, mpaka yanapoingia kwenye injini, ukipapasa chini ya kila klampu. Ukikuta utandu mweusi wa oili iliyoshika vumbi, au mpira umechanika kwa ndani, upepo unatorokea hapo.

Hapo pakiwa salama, ndipo upeleke pampu ya dizeli na nozeli kwa mwenye mashine ya kupimia. Nakusihi, usikubali mtu aguse skrubu ya pampu kwa kukisia.

Tela nayo uikague. Ikisimama baada ya safari, sogeza mkono karibu na kila habu, yaani kitovu cha gurudumu, usiguse. Moja ikiwa ya moto kuliko zingine, breki yake inashika, na dizeli yako inaishia kuiburuza. Matairi pima upepo asubuhi, yakiwa ya baridi. Na dereva aache mshale wa mizunguko ya injini kwenye kijani.