Ali alisaini, lakini jina ni la baba

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, naishi Tanga. Marehemu baba yetu alikuwa fundi umeme Dar es Salaam, na Februari 1980, bondia Muhammad Ali alipofika nchini, aliitwa kurekebisha vipaza sauti vya mkutano wa waandishi wa habari. Ali alimwandikia jina lake na kutia saini nyuma ya hati ya kazi, kwa kuwa ndiyo karatasi pekee baba aliyokuwa nayo mfukoni. Mwaka jana, siku chache kabla ya kufariki, baba alinikabidhi bahasha hospitalini akaniambia, "Itunze hii." Tumezaliwa wawili tu. Kaka yangu amepata dalali anayesema kwamba karatasi hiyo inaweza kuuzwa nje kwa shilingi milioni 40, ila kwanza tulipe 600,000 za cheti, kisha tukate kwa mkasi jina la baba na muhuri wa karakana ili ibaki saini tupu, kwa sababu majina ya watu hushusha bei. Kaka anataka fedha hizo zimalizie paa la nyumba ya mama. Sisi ni Waislamu na mirathi haijagawanywa. Nimeificha bahasha kwenye sanduku la kanga na nimemwambia kaka kwamba siioni. Je, ninakosea? Na je, kweli karatasi ina thamani hiyo?*

*Mwenye Bahasha, Tanga*

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa msiba.

Nianze na mkasi, kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri hadi mwezi ujao lakini karatasi ikishakatwa haiungiki tena. Msikate kitu. Dalali wenu amesema nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo iliyomfanya kaka yako amwamini. Ni kweli kwamba katika biashara ya vitu vya ukumbusho wa michezo, saini iliyoandikwa pamoja na jina la mtu asiyejulikana kwa kawaida huuzwa kwa bei ndogo kuliko saini isiyo na jina, kwa kuwa mnunuzi aliyeko Texas anataka kuitundika ukutani kwake kana kwamba ameandikiwa yeye, na jina la fundi umeme wa Dar es Salaam linamharibia hadithi. Alichonyamazia dalali ni kwamba mkishaondoa jina na muhuri, mtabaki na kipande cha ukubwa wa tiketi ya daladala ambacho hakisemi kimetoka wapi, lini, wala kwa nani. Vipande vya namna hiyo vimejaa sokoni, na vingi vimeandikwa na watu ambao hawakuwahi kumwona Ali hata kwenye televisheni.

Ughushi katika biashara hii si jambo la kubahatisha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wapelelezi wa FBI wa Marekani waliendesha operesheni iliyoitwa Bullpen dhidi ya mtandao wa walioghushi saini za wanamichezo, na miongoni mwa vitu vilivyonaswa ulikuwamo mpira wa besiboli wenye saini ya Mama Teresa. Nimejaribu mara kadhaa kumpigia picha akilini mtawa yule akiombwa asaini mpira, nimeshindwa. Lakini kinachokuhusu wewe ni kwamba bidhaa zile za kughushi ziliuzwa zikiwa na vyeti vyake, vyenye mihuri na maneno mazito, vilivyotolewa na haohao waliokuwa wakiziuza. Kwa hiyo cheti cha shilingi 600,000 kitakachotolewa na dalali wenu kitakuwa na uzito wa neno la dalali wenu, basi. Dalali wa kweli hukata chake kwenye mauzo. Anayedai chake kabla ya kuuza amekwishakuuzia wewe. Kampuni za uhakiki zinazoaminiwa na wanunuzi, kama vile PSA, JSA na Beckett za Marekani, hulinganisha saini inayoletwa na saini nyingine za mtu huyohuyo za kipindi hichohicho. Kwa Ali hilo lina maana kubwa, kwa sababu mwaka 1984 alithibitishwa kuwa na ugonjwa wa Parkinson, na mwandiko wake wa miaka iliyofuata ulizidi kudhoofika na kubanana, tofauti na ule wa mwaka 1980.

Sasa bei, ambayo najua ndiyo uliyokuwa ukiisubiri huku ukijifanya huisubiri. Ali alikuwa mkarimu wa kalamu kupita kiasi. Alisaini barabarani, hotelini, uwanja wa ndege, na baadaye alikuwa akigawa vijitabu vya Kiislamu alivyokwishavitia saini. Ukarimu huo ulifurahisha watu wengi, na ndio huohuo unaozuia bei ya saini yake kupaa. Karatasi ya kawaida yenye saini yake halisi huuzwa kwa mamia ya dola, na milioni 40 za dalali ni nambari ya kumtoa mtu usingizini. Kilichofika kwenye mamilioni ya dola ni vitu vya aina nyingine kabisa, mfano mkanda wa ubingwa wa Baraza la Ngumi la Dunia (WBC) wa pambano la Kinshasa la tarehe 30 Oktoba 1974 dhidi ya George Foreman, uliouzwa mnadani Marekani mwezi Julai 2022 kwa dola milioni 6.18. Mkanda ule haukununuliwa kwa ajili ya wino. Mnunuzi alilipia tukio ambalo dunia nzima inalijua. Ndiyo maana hata karatasi ya kupangusia midomo, ambayo kiongozi wa klabu ya Barcelona aliandikia ahadi ya kumsajili Lionel Messi tarehe 14 Desemba 2000, iliuzwa na jumba la mnada la Bonhams mwezi Mei 2024 kwa pauni 762,400 ilhali haina saini ya Messi. Wahusika wa ahadi ile walisaini, tarehe ikawekwa, na karatasi ikahifadhiwa kama ilivyo. Fikiria mtu angeikata ile tarehe kwa mkasi.

Karatasi ya baba yenu si ya Messi, wala sitaki uende kulala ukiota pauni. Ila nayo ina tarehe, ina muhuri, na imetoka siku ambayo vitabu vya historia vinaitaja. Majeshi ya Kisovieti yalikuwa yameingia Afghanistan Desemba 1979, na Rais Jimmy Carter wa Marekani akamtuma Ali kuzunguka Afrika kuziomba nchi zetu zisusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere hakukubali kumpokea, kwa kuwa kumtuma bondia kwa rais wa nchi katika jambo zito namna hiyo kulionekana kuwa dharau, na waandishi wa habari wakambana kwa maswali: kwa nini Afrika isusie Moscow wakati Wasovieti ndio waliokuwa wakizisaidia harakati za ukombozi? Ali, ambaye hakuwa mtu wa kukosa jibu, alikiri kwamba mambo hayo hakuwa ameelezwa kwao. Halafu akaendelea na safari hadi Kenya. Kenya ilisusia Michezo ile. Tanzania ilikwenda Moscow, na Filbert Bayi akarudi na medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, naye Suleiman Nyambui akarudi na fedha ya mita 5,000. Hadi leo Tanzania haijapata medali nyingine ya Olimpiki.

Kwa hiyo baba yako alikuwa ndani ya chumba ambamo bingwa wa zamani wa dunia alikuwa akishindwa hoja, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila mtu anasikia. Halafu bingwa huyohuyo, katika siku ambayo bila shaka haikuwa nzuri kwake, akasimama akamuuliza fundi jina lake, akaliandika. Nimeisoma sehemu hiyo ya barua yako mara tatu. Jina lile linashusha bei, sikatai, lakini ndilo linaloonyesha kwamba karatasi haikuokotwa, na ndilo pekee lililo lenu, kwa kuwa saini ya Ali wanayo watu wengi.

Nimekuwa upande wako muda mrefu wa kutosha. Sasa uvumilie kidogo. Baba alikwambia, "Itunze." Hakusema, "Nimekupa." Mwenye kukabidhiwa kitu akitunze ni mwangalizi, hajawa mmiliki, na hata kama angetamka kwamba ni yako peke yako, alitamka akiwa katika maradhi ya mauti, ambapo zawadi kwa mrithi huhesabiwa kama wasia, na wasia kwa mrithi haupiti mpaka warithi wenzake waridhie. Karatasi hiyo ni sehemu ya mali iliyoachwa na marehemu kama ilivyo cherehani, baiskeli au sanduku lake la bisibisi. Kaka yako hana haki ya kuiuza peke yake, na wewe huna haki ya kuificha. Ulipomwambia kwamba huioni ilhali umelala nayo chumba kimoja, ulisema uongo juu ya mali ya mama yako pia, na hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza. Itoe sandukuni.

Ukishaitoa, utaona kwamba bei ndogo ni rafiki yako. Ikiwa wazazi wa baba yenu walikwishatangulia, basi mafungu ni 24: mama ana matatu, kaka ana kumi na manne, wewe una saba, mkamuulize sheikh wenu kabla ya kuishika hesabu yangu. Tuseme, kwa mfano tu, karatasi imethaminiwa shilingi 720,000. Kila fungu ni 30,000. Ukitaka ibaki nyumbani, utamlipa kaka yako 420,000 na mama 90,000, au watapewa kiasi hicho kutoka katika fungu lako la mali nyingine. Hilo linawezekana. Kaka yako atapata fedha za bati, hata kama hazitafika paa zima, naye hatakuwa amemnyang'anya mdogo wake kitu alichoachiwa kitandani pa mauti. Usimchukulie kama mtu mwenye tamaa. Mvua za masika zinakaribia kila mwaka, na yeye ndiye anayeangaliwa na majirani kila maji yanapovuja sebuleni kwa mama.

Kwa uthamini, pigeni picha karatasi pande zote mbili, mchana, bila mwanga mkali wa simu, na muhuri usomeke. Baadhi ya kampuni za uhakiki hutoa maoni ya awali kwa picha kwa ada ndogo, kwa hiyo asili isitoke mkononi mwenu kwenda kwa mtu yeyote kwa sababu ya "kuangaliwa" Nairobi wala Dubai. Akipatikana mtu wa kwenda Maktaba Kuu ya Taifa kule Dar es Salaam, atafute magazeti ya *Uhuru* na *Daily News* ya siku zile za Februari 1980, anakili kurasa zinazoeleza ziara ile, nazo ziwekwe pamoja na barua yoyote ya ajira ya baba.

Na usiitendee wema uliozidi. Wanawake tuna ugonjwa huo. Marehemu mume wangu aliwahi kurudi na jezi iliyosainiwa na wachezaji wa timu aliyoipenda kuliko chakula changu, akaiacha juu ya kiti, nami nikaiona inanuka jasho, nikailoweka kwa sabuni ya unga. Nilipoinyanyua, saini zote zilikuwa zimekuwa doa moja la zambarau lenye umbo la bara la Australia. Hakunigombeza. Alikula kimya kwa siku mbili, na jezi ile aliivaa hadi ikachanika makwapani. Basi wewe usiipeleke karatasi kuzibwa kwa plastiki ya moto kama cheti cha shule, kwa sababu haibanduki tena na joto linaweza kuharibu wino. Usiibandike selotepu. Usipitishe kalamu juu ya herufi zilizofifia, hata kama moja tu. Wino wa peni hupauka kwa jua, na unyevu wa Tanga hauhitaji kuelezwa kwa mtu wa Tanga, kwa hiyo sanduku la kanga lililo sakafuni si mahali pake. Ikiwa mtaitundika, kioo kisigusane na karatasi, na ukuta uwe ule usiopigwa na jua la dirishani. La sivyo tundikeni nakala, asili ikae kwenye jalada kavu juu kabatini.

Kuna jambo moja la mwisho, na limenisumbua tangu nilipoipokea barua yako. Umeandika kurasa nne, na mama yenu umemtaja mahali pamoja tu, kwenye paa. Yeye ndiye aliyemfungulia baba yenu mlango usiku ule wa Februari 1980, na amekaa na karatasi hiyo ndani ya nyumba kwa zaidi ya miaka 40, bila shaka akihama nayo kila mlipohama. Hakuna aliyemuuliza anataka nini. Kabla kaka yako hajampigia simu dalali, nendeni wote wawili, mwombeni msamaha kwa kumpita, kisha washeni simu irekodi na mumwache asimulie: baba alirudi saa ngapi, alisema nini, bahasha ilikaa wapi miaka yote. Yaandikeni maneno yake kwenye karatasi, aweke sahihi au dole gumba na tarehe, na muiweke ndani ya bahasha ileile. Wanunuzi wakubwa wa mnada hulipia ushahidi wa aina hiyo. Nanyi msipouza, wajukuu watausikia kwa sauti yake.