Umeambiwa "damu ipo"? Omba karatasi yako

Juzi usiku dada mmoja wa Korogwe alinitumia picha ya majibu yake ya maabara. Chini ameandika: "Dada, damu yangu 12.1, wanasema niko sawa. Mbona nikipiga deki chumba kimoja lazima nilale?" Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi, na jibu nililopewa linaniuma mpaka leo.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani hapa Tanga. Mwaka juzi nilipokea sare za harusi, magauni 18, kazi ambayo nilizoea kuimaliza kwa siku chache. Safari hii nilishona mshono mmoja, nikaegemeza kichwa mezani, nikazinduka sindano imesimama katikati ya kitambaa. Joto lote la Tanga, mimi nimejitanda khanga mbili nasikia baridi. Nywele zilibaki kwenye chanuo. Na kwenye droo ya nyuzi nilificha kikombe cha mchele mbichi, nautafuna kutwa, sijui kwa nini. Wifi yangu alikuwa akinipitia mchana: "Wifi, umelala tena?" Kisha akaenda kusema kwa watu kwamba kaka yake kaoa mvivu.

Malaria nilipima mara mbili, hakuna. Kituo kimoja wakanifunua kope, wakapima wingi wa damu, 12.2. Damu ipo, mama, punguza mawazo. Karatasi sikupewa, na mimi sikuiomba. Miezi mitano nilijiombea nguvu za kuacha uvivu ambao sikuwa nao.

Baadaye nilimpata daktari aliyeniuliza mambo mawili ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza: hedhi yako inakwenda siku ngapi, na kuna kitu unapenda kutafuna? Siku nane, nikamwambia, na mchele. Akaandika FBP, yaani picha kamili ya damu, na feritini, TSH na T4.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ile 12.2 ni hemoglobini. Kwa mwanamke asiye mjamzito upungufu wa damu huhesabiwa chini ya 12, kwa mwanaume chini ya 13, kwa hiyo hawakunidanganya. Lakini hemoglobini ni unga ulioko sufuriani. Feritini ni ule uliobaki kwenye debe. Debe linaweza kukaribia kukwangua na ugali wa leo ukaiva vizuri tu, huku mwili umeshaanza kuchoka. Feritini yangu ilikuwa 6. Chini ya 15 akiba ya madini chuma imekwisha, na madaktari wengi huanza kushuku tangu ikiwa chini ya 30. Kwenye FBP, MCV yangu ilisoma 76, maana yake chembe nyekundu zilikuwa ndogo. Kawaida ni kuanzia 80. Ila angalia: ukiwa na homa, jipu au maambukizi yoyote, feritini hupanda na kuonekana nzuri wakati si nzuri. Mwambie daktari kama umeugua karibuni.

TSH ndiyo huchanganya watu. Ukisema tezi, wengi wanafikiria tezi dume. Mimi nasema tezi ya shingoni, thairoidi, na wala sikuwa na rovu. TSH haitoki kwenye tezi hiyo, inatoka kwenye tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo. Fundi akichelewesha nguo, mwenye nguo anapiga simu mara moja, mara tatu, mara kumi. TSH ni hizo simu, T4, homoni ya thairoidi yenyewe, ni nguo iliyoshonwa. Namba ya TSH ikiwa juu, tezi imelegea. Maabara nyingi huandika kiwango cha kawaida karibu 0.4 hadi 4. Yangu 14.2, na T4 iko chini. Tezi iliyolegea huweza pia kuzidisha hedhi, na hedhi ndiyo ilikuwa inamaliza debe langu.

Nikaanza levothyroxine, dawa ya tezi, na vidonge vya madini chuma vya kuongeza damu. Nilivimeza vyote pamoja asubuhi, kwa chai ya rangi. Wiki nane baadaye TSH ilikuwa 11. Kumbe madini chuma hushika dawa ya tezi isifyonzwe, na chai huzuia chuma chenyewe. Sasa dawa ya tezi nameza alfajiri kwa maji matupu, nakaa saa nzima ndipo nakula. Cha damu nakimeza mchana, angalau saa nne baadaye, na chungwa la Muheza. Chai naisogeza mbali.

Jamani wanawake wenzangu, omba karatasi. Ni damu yako, umeilipia. Soma namba, soma na kiwango kilichoandikwa pembeni yake, kisha uliza. Usikubali kuitwa mvivu na mtu ambaye hajaona hata feritini yako! Na usinunue dawa ya tezi duka la dawa kwa kusoma maneno yangu, hiyo lazima daktari akupangie dozi.

Dada wa Korogwe, kwenye picha yako sioni feritini wala TSH. Rudi Jumatatu uviombe vyote viwili, na useme siku zako za hedhi bila aibu.

Karatasi yangu ya mwezi uliopita inasema feritini 41, TSH 2.6. Nimeibandika ukutani juu ya cherehani. Wifi alipokuja kupimwa gauni la Idi aliisoma, akanyamaza, akaniuliza maabara hiyo iko mtaa gani.