Maswali ya wasomaji: Kinkina imenenepa, kwinini iko wapi?

Mimi na jirani yangu hapa Kabare, karibu na Bukavu, tulipanda kinkina, mti ambao ganda lake lina kwinini, dawa ya malaria. Tulipanda mwaka mmoja, udongo ule ule. Miti yangu ina miaka 8, naiwekea samadi, na imenenepa kuliko yake. Maganda yalipopimwa, yangu yalikuwa na kwinini asilimia 3, yake 7. Je, samadi imeharibu dawa?

Samadi haina kosa. Kila molekuli ya kwinini ina atomi 2 za naitrojeni, na samadi huupa mti naitrojeni. Mti wenye njaa ya naitrojeni utaitoa wapi?

Sisi tunashuku mbegu. Maua ya kinkina huchavushwa kutoka mti hadi mti, kwa hiyo mbegu ya mti bora inaweza kuzaa chotara. Aina ya kinkina iitwayo ledgeriana ina majani membamba na kwinini nyingi. Aina nyingine, succirubra, ina majani mapana, hukua kwa nguvu, lakini ganda lake lina kwinini kidogo na sinkonidini nyingi, kemikali ya jamii moja na kwinini. Tazama majani ya miti yako. Ndiyo maana wakulima wazoefu hubebesha kikonyo (kitawi cha kupandikiza) cha ledgeriana juu ya mche wa succirubra: mizizi imara chini, ganda la dawa juu.

Kabla ya kung'oa chochote, pima upya. Kwinini hupungua kadiri unavyopanda juu ya shina, na matawi ni maskini zaidi. Kama wewe ulipeleka ganda la matawi na jirani la chini ya shina, mmelinganisha vitu viwili tofauti. Chukua vipande vidogo kwa kimo kimoja, kila mti na mfuko wake wenye namba, uvikaushe kivulini, maana mwanga huharibu kwinini. Miti itakayofaulu ndiyo ya kukatia vikonyo.

Na usihesabu asilimia peke yake: kwa mfano, kilo 4 za ganda lenye asilimia 3 ni gramu 120 za kwinini, kilo 3 zenye 7 ni gramu 210.

Chimba pia mifereji kabla ya mvua za Septemba. Maji yakituama, ukungu wa fitoftora huozesha mizizi, na hapo hakuna mbolea itakayosaidia.

Naweza kuchemsha maganda hayo nyumbani kutibu malaria?

Tafadhali usifanye hivyo. Umeona mashamba mawili jirani yakipishana zaidi ya mara mbili: kikombe kile kile kinaweza kuwa hafifu mno au kudhuru moyo na masikio. Nenda kituo cha afya upimwe damu.